Trekta Ambayo Hatukuiuza

Jasenik, Banat
Jumapili, 21 Oktoba 1984

Mdogo wangu mpendwa Slavko,

Nakusalimu kutoka nyumbani, nikiomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi ulichotuandikia wakati wa joto kiwe kimekuachia sasa kwa kuwa wamekuhamisha kutoka kwenye tanuri la kiwanda. Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima, ila miguu inamvimba ikifika jioni. Mvua za vuli zimeanza mapema. Mahindi yote yameingia ghalani. Plamu hazikuzaa, kwa hiyo usitarajie chupa nyingi za pombe yake mezani mwaka huu. Mimi bado niko kwenye mizani ya ushirika, napima malori ya viazisukari tangu alfajiri, na nikirudi nyumbani masikio bado yananguruma.

Barua hii nimempa Ištvan, yule mpwa wa fundi Šandor anayeendesha basi la kuja huko kwenu Linz, nami nimemwomba akupe mkononi. Unajua kwamba barua zinazopita posta Mama huzifungua, zinazokuja na zinazokwenda, na hii sitaki aifungue. Isome ukiwa umekaa peke yako, na uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Umeuliza mara mbili kwa nini trekta haijauzwa. Uliandika kwamba hutaki kuikuta uani utakapokuja kwa siku ya mtakatifu wa nyumba yetu, na kwamba kama hakuna mnunuzi tuikate vipande tuiuze kwa kilo. Kwa kilo nilikataa mimi, kwa sababu bila trekta hakuna ngano. Mnunuzi wa kweli alipatikana mmoja tu, maana katika vijiji vya karibu hakuna anayetaka trekta iliyoua. Huyu alitoka mbali. Aliizunguka, akapiga tairi teke, akaangalia matope ya plau iliyokuwa bado imening'inia nyuma, akaomba iwashwe aone inavyonyanyua. Kabla sijamjibu, Baba alitoka nje, akasimama mbele ya magurudumu na kusema haiuzwi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Kaka Miladin kumsikia akitoa amri. Mama alikuwa dirishani, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Mwacheni nayo. Huyo ndiye mtoto aliyejichagulia." Yule bwana aliondoka bila kunywa kahawa.

Hali ya nyumba sidhani kama Mama anakuandikia ilivyo. Baba haishi nasi. Tangu ibada ya siku arobaini analala kwenye jiko la nje, kati ya mapipa na mashada ya vitunguu. Chakula nampelekea mimi. Mama humpakulia, siwezi kusema hampakulii, lakini huiweka sahani kwenye ngazi na kugeuka. Jiko lile halina dari, unalijua, na upepo unapita chini ya mlango. Ameshaanza kukohoa.

Wageni wa rambirambi bado wanakuja, hata sasa, na kila anayekuja Mama humsimulia siku ile upya. Huanza na mnyama. "Asubuhi ile yule nguruwe jike alivunja komeo la banda," anasema, "nikamkimbiza kwenye vitunguu vyangu, nikamrudisha, nikafunga lango kwa kitu cha kwanza nilichokiona. Nilipaswa kujua. Mnyama hujua kabla ya mtu." Kisha hufika kwenye saa za mchana: plau imejaa mabua na waya, Kaka Miladin ameinyanyua na kulala chini yake kuuchomoa waya, na mzee aliyekaa kitini anageuka kutafuta tumbaku kwenye koti, kiwiko chake kinasukuma liva ya kunyanyulia na kushushia, na plau inashuka. "Mwanangu alikufa kwa ajili ya sigara," anamalizia, na wageni hutazama sakafu.

Hivyo ndivyo Baba mwenyewe alivyosema. Aliyasema maneno hayo uani alipokuja kutuambia, akayarudia kwa polisi, akayarudia kwa kasisi, hakubadilisha hata neno. Polisi waliandika kwamba ni ajali. Wewe ulipokuja kuzika hukumpa mkono. Sikukulaumu, kwa sababu mimi pia sikuweza kumtazama.

Hakuna aliyeuliza kwa nini injini ilikuwa inanguruma wakati mtu amelala chini ya plau. Kwetu hilo haliulizwi. Betri ilikufa zamani, na katika nchi hii tambarare hakuna hata kilima kimoja cha kuiserereshea trekta, kwa hiyo ikishavutwa asubuhi na farasi wa Šandor ikawaka, haizimwi mpaka jua lizame. Tunakula pembeni yake inanguruma. Tunabadilisha majembe ya plau inanguruma. Tumekua hivyo, na wewe ulikua hivyo.

Mwanzoni mwa mwezi huu ushirika ulitangaza kwamba matrekta yake yatafika kwa watu binafsi baada ya kumaliza mashamba yake. Maana yake ni baada ya udongo kuganda. Nikaamua nitalima mwenyewe. Wewe ndiwe uliyenifundisha kuendesha, unakumbuka, huku Kaka Miladin akikimbia kando na kunitukana kila nilipokata kona.

Nilimwita fundi Šandor. Trekta ilikuwa imekaa chini ya paa linalovuja tangu Machi. Iliwaka vizuri kuliko nilivyotegemea, lakini mtambo wa kunyanyulia ulikuwa mgonjwa. Mikono ya nyuma ilipanda kwa kushtuka-shtuka, ikafika nusu, ikasimama ikitetemeka. Šandor alisema inafanana na yeye akipanda ngazi za kanisa.

Mimi nilitaka tuanze na kilicho rahisi ndipo twende kwenye kigumu. Šandor alitaka tuanze na pampu, kwa sababu pampu ndiyo anayoipenda. Tulibishana kidogo, nikashinda, maana beseni lilikuwa mkononi mwangu. Kwenye trekta hii oili ya giaboksi ndiyo hiyo hiyo inayosukumwa kwenye silinda chini ya kiti na kunyanyua plau. Kipimo kilionyesha imejaa, lakini ilitoka na rangi ya kahawa ya maziwa. Maji ya mvua yalikuwa yameingia. Tukaimwaga yote, tukaweka mpya. Mikono ikapanda kidogo zaidi, bado kwa kushtuka.

Baada ya hapo tulifungua chujio tumboni mwa trekta. Lilikuwa limezibwa na uji mweusi na nyuzi za matambara, na Šandor alilishika kwa vidole viwili akauliza kama babu yetu alizikwa humo na soksi zake. Nikaliosha kwa dizeli mpaka wavu ukaonekana. Sasa mikono mitupu ilipanda bila shida. Tulipoining'iniza plau, ilipanda mara kadhaa, kisha oili ilipopata moto ikachoka na kukataa. Šandor akabusu ncha za vidole vyake. "Sasa nipe pampu yangu, Desanka. Nimesubiri vya kutosha."

Alikwenda nayo kwake, akairudisha siku chache baadaye ikiwa na gia alizozitoa kwenye pampu ya trekta nyingine iliyokwisha. Plau ilinyanyuka mara moja, bila kutetemeka. Šandor alivua kofia, akaivaa tena, akasema, "Hivyo. Kama kofia."

Muda wote huo Baba alikuwa akitutazama kutoka mlangoni kwa jiko la nje. Hakukaribia, hakuuliza, hakutoa ushauri, yeye ambaye zamani usingeweza kukaza nati bila yeye kuikaza tena. Mara moja tu alinisemesha, nilipokuwa napita na ndoo. "Plau ikiwa juu, usipite nyuma yake," aliniambia. "Hata kama hakuna mtu kitini." Nilidhani ni majonzi yanasema.

Jioni moja tuliinyanyua plau, tukazima injini, nikachora alama ya chaki kwenye nguzo ya banda mahali ilipofika. Kesho yake ilikuwa imeshuka kwa vidole viwili. Nikamuuliza Šandor kama kushuka huko kunaweza kumdhuru mtu. Alicheka, akasema ni sili ya pistoni, ule mpira wa kuzuia oili, inavujisha kidogo kwa uzee, na plau inayoshuka hivyo humwachia aliye chini nafasi ya kuvuta sigara, kusali na kwenda zake. Kisha akakumbuka anazungumza na nani. Akaokota spana zake, akasema farasi wanamngoja.

Jumamosi ya tarehe 13 nilikuwa peke yangu bandani. Injini ilikuwa inanguruma, plau nimeinyanyua, nikaingia ndani kuchukua kopo la grisi. Niliporudi plau ilikuwa chini, majembe yamezama kwenye sakafu ya udongo. Nilitazama huku na huku nikidhani mtu amepita. Hakuna. Baba alikuwa mlangoni kwake, mbali. Nikainyanyua tena, liva nikaiacha katikati panapotakiwa plau ikae, nikachora chaki nyuma yake, nikasimama mbali na kutazama liva peke yake.

Slavko, liva inatembea. Injini inavyotikisika na yenyewe inatikisika, na kila mtikisiko unaishusha unywele mmoja. Kwa macho huioni ikienda. Unaiona chaki tu inayobaki juu yake, kisha chaki zaidi. Inafika mahali, inavuka katikati, na plau inaanguka yote kwa pamoja. Niliihisi kwenye nyayo. Nikarudia, ikawa vile vile. Nikarudia tena. Hapakuwa na kiwiko, wala koti, wala tumbaku.

Niseme ukweli, kwanza nilifurahi. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kulia kwa furaha. Niliwaza kwamba Baba alijidanganya kwa hofu, kwamba aligeuka tu kitini wakati liva ilikuwa tayari njiani, na kwamba nitamwambia Mama jioni ile ile, na mzee atalala ndani.

Šandor alipokuja nilimwonyesha. Hakushangaa hata kidogo. Alinionyesha visahani viwili na springi vinavyoibana liva isiteleze. Vilikuwa vimekwisha, vinang'aa, vimelowa oili. "Matrekta yote ya umri huu yana liva mlevi," alisema. "Ndiyo maana tunaifunga. Yangu nimeifunga kwa waya. Ya kwenu ilifungwa kwa mkanda wa ngozi, ule wa lijamu za farasi wa babu yenu, wenye kifungio cha shaba. Tazama hapa ulipokuwa ukisugua rangi." Akapitisha kidole juu ya alama, akaniuliza, "Mkanda wenu uko wapi?"

Nikamwambia labda ulipotea.

Haukupotea. Najua uko wapi. Naufungua na kuufunga kila jioni tangu Machi ninapowapelekea nguruwe chakula. Ndicho kitu cha kwanza alichokiona Mama asubuhi ile. Yeye matrekta hayajui, hajawahi hata kupanda kitini. Aliona mkanda umening'inia kwenye chuma bandani, bila kazi, na nguruwe yuko kwenye vitunguu.

Sikumwambia Mama jioni ile. Nilichukua bakuli la supu nikaenda kwa Baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi kwa mkono, kazi isiyo na haraka yoyote. Nikamwambia nimegundua kwamba liva hushuka yenyewe. Hakuinua kichwa. "Najua," alisema. Nikamwambia kuhusu mkanda. Hapo mikono yake ikasimama.

"Umemwambia nani?"

Nikasema sijamwambia mtu.

"Basi funga mlango. Ukae."

Aliyonieleza nakuandikia kwa ufupi, kwa sababu mengine sitaweza kuyaandika. Asubuhi ile Kaka Miladin aliona mkanda haupo, akautafuta, akamuuliza Baba. Baba alimwambia jua linapanda, twende, tutapata cha kufungia huko huko shambani. "Hilo ni langu," aliniambia. "Hilo sikulizua." Hawakupata, au walisahau kutafuta. Plau ilipojaa mabua, Kaka Miladin ndiye aliyekuwa kitini. Aliinyanyua, akashuka, akaingia chini. Baba hakuwa kwenye trekta. Siku ile nzima hakukaa kitini hata mara moja. Alikuwa mferejini anajisaidia haja ndogo, ameipa trekta mgongo. Alisikia mshindo.

Tumbaku haikuwepo, Slavko. Aliniambia kwamba alitembea kutoka shambani mpaka nyumbani bila kujua atasema nini. Alipofika uani, Mama alikuwa amesimama kwenye lango la nguruwe, amempa mgongo.

"Akageuka akaniona nilivyo," Baba alisema. "Akaniuliza, imekuwaje? Na mkono wake uko juu ya mkanda. Mimi nilikuwa bado sijafungua mdomo. Ilibidi niseme kitu, mwanangu. Nikasema tumbaku."

Nilimwambia si haki. Nilimwambia kwamba Mama hakufanya kwa kujua, kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu kwa kufunga lango, kwamba yeye atakufa humu jikoni kabla ya Krismasi. Nilisema mengi, na kwa sauti isiyofaa kwa mzazi. Aliniacha nikamaliza.

"Akinichukia mimi, anaamka asubuhi," alisema. "Ananipakulia, ananitukana, siku inakwisha. Akijua, ataamka kwa ajili ya nani?"

Sasa unaelewa kwa nini trekta hatukuiuza. Mnunuzi yeyote angeigundua liva siku ya kwanza, akaja kulalamika uani mbele ya Mama.

Nilimuuliza pia kuhusu siku ya mtakatifu. Alikuwa anajua kwamba Mama amekuandikia uje ushike kisu na kukata mkate wa mtakatifu, kazi ya baba mwenye nyumba, badala yake yeye, na kwamba umekubali. Barua yako Mama humsomea kila anayekuja. Baba alisema Slavko atakata vizuri, ana mkono mwepesi. Kisha akageukia gunia na kutafuta humo kitu ambacho hakikuwemo, kwa muda mrefu.

Mkanda aliniambia niuache ulipo. "Ukiuondoa atauliza." Nimeuacha. Šandor amechonga visahani vipya kutoka kwenye kipande cha klachi kuukuu, na liva sasa inakaa, lakini nimeifunga vile vile kwa mpira wa baiskeli yako ya zamani. Nililima wiki nzima. Kila niliposhuka niliiteremsha plau chini kwanza, na majirani walipiga kelele kutoka barabarani wakiuliza kama dada mtu anaogopa chuma. Baba alitembea nyuma yangu kwenye mfuo, mbali na majembe. Tulipofika kwenye kipande cha mferejini aliniomba nisimame, akavua kofia, akachukua mbegu kwenye ndoo na kuzimwaga mwenyewe kwa mkono, mahali pale tu. Ngano yote iko ardhini, hiyo ndiyo habari njema niliyo nayo.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Baba aliniapisha nisimwambie Mama. Kuhusu wewe hakuniapisha, nadhani hakufikiria kwamba bado unataka kusikia chochote juu yake. Mimi nimeamua kwamba mtu mmoja zaidi lazima ajue, na ni yule atakayewekewa kisu mkononi.

Tarehe 8 Novemba nyumba itajaa. Mshumaa utawashwa, kasisi atasoma, na Mama atakupa kisu mbele ya watu wote. Baba atakuwa jiko la nje, anasikiliza kupitia ukuta. Ukikata wewe, kijiji kizima kitakuwa kimeelewa kwamba nyumba hii haina tena baba, na jambo hilo halitarekebishika hata Mama akibadilika. Usikatae kisu, maana utamwaibisha. Kipokee. Kisha toka nacho, vuka uwanja, mpe Baba mkono ule ambao hukumpa makaburini, mlete ndani, umwachie akate. Wakikuuliza, sema kwamba mtoto hakati mkate baba yake akiwa hai. Ndiyo desturi, na hakuna atakayeweza kukubishia, hata kasisi.

Mama atapiga kelele. Mwache. Amepiga kelele tangu masika na yu hai. Akihitaji wa kumchukia zaidi, nitasema mimi ndiye niliyekushawishi. Lakini Baba usimwambie kwamba unajua. Mpe mkono tu. Atadhani umemsamehe, na itabidi tumwache adhani hivyo.

Nami nakuomba usinihukumu kwa ninavyoishi sasa. Nakaa na Mama mezani kila siku. Anaposimulia habari za yule nguruwe mimi hutikisa kichwa pamoja na wengine. Juzi mgeni mmoja, mama mtu mzima kutoka kijiji cha pili, alimuuliza kwa udadisi tu, "Na hilo lango ulilifunga kwa nini, dada yangu?" Mama akakunja uso kama anayekumbuka, akaanza kusema, "Kilikuwa kitu fulani pale bandani." Nikaliachia birika la kahawa sakafuni. Liliniunguza mguu, na Mama akaninyanyukia na kunifokea mpaka mgeni akaaga. Sijawahi kufurahia kufokewa kiasi kile. Sijui ni mabirika mangapi nitaweza kuyaangusha.

Usinijibu kuhusu haya kwa barua. Nitaona jibu lako siku yenyewe.

Šandor anakusalimu na kusema umletee gazeti lenye picha za matrekta ya Austria, apate cha kucheka. Mama anakusalimu sana. Anajua tu kwamba Ištvan anapita kwako, na anadhani nimeagiza kahawa, kwa hiyo tafadhali lete kahawa, pamoja na dawa ya miguu yake. Anasema shati lako jeupe ameshalipiga pasi na kisu ameshakinoa. Anasema pia kwamba nguruwe jike tutamchinja mwishoni mwa Novemba na utapewa soseji za kurudi nazo. Hapo lango halitakuwa na cha kuzuia. Nitaufungua mkanda mara ya mwisho, nami sijui bado nitaupeleka wapi.

Safiri salama, na uvae koti zito.

Dada yako,
Desanka